Mathe Si Matatu: Historia ya Ile Orodha Ndefu Kabla ya Kukatwa Tumbo

Kuna karatasi imebandikwa kwa friji yetu tangu Januari. Iko na mambo kumi na moja. Damu. Mkojo. Moyo. Picha ya tumbo, waone kama kuna mawe ya nyongo. Kamera ya kumeza. Kupimwa usingizi. Mtaalamu wa lishe. Mwanasaikolojia. Daktari wa nusukaputi. Wiki mbili za kula chakula cha kuhesabu. Ya mwisho imeandikwa kwa kalamu nyekundu: rudi na majibu YOTE.

Mathe aliisoma mara moja, akanitazama.

"Hata matatu haipelekwi inspeksheni hivi."

Wacha niwaeleze. Mathe ana miaka 49. Ana presha, ana sukari, na goti lake la kulia limekataa kazi. Amepika chakula kwa kibanda karibu na steji miaka kumi na minne, akisimama kutoka saa kumi na moja asubuhi. Amejaribu kila kitu: maji ya limau, kufunga, zile chai za kuuzwa kwa simu, kutembea jioni mpaka goti likavimba. Mwaka jana daktari akamwambia afikirie upasuaji wa kupunguza tumbo. Tukachanga. Chama chake, wajomba, na mimi nikaweka doo yote ya dili ya kwanza ya maana niliyowahi kupata.

Halafu hiyo orodha ikaja. Na wiki hiyo hiyo, mama mmoja wa chama akamtumia namba ya mahali pengine. Huko waliuliza maswali mawili tu: una kilo ngapi, na una pesa ngapi. Lipa Jumatatu, Ijumaa uko kitandani. Mathe alitaka kwenda. Na nikuwe mkweli, hata mimi nilitaka aende. Vipimo vilikuwa vinakula zile pesa tulizochanga, na kila wiki tulikuwa tunapanga foleni mpya.

Wenye mmenifuata kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Chenye labda hamjui ni kozi: ualimu, Historia na Kiswahili. Karo iliisha, lakini ile tabia ya kuuliza "hii kitu ilianza lini, na nani aliumia?" haikuisha. Kwa hivyo nilifanya chenye najua kufanya. Nilikaa usiku kadhaa nikisoma hiyo orodha ilitoka wapi. Nilikuwa natafuta ushahidi kwamba ni biashara tu. Sikupata hivyo. Nilipata kwamba karibu kila mstari kwa hiyo karatasi uko pale kwa sababu kuna watu waliumia ukiwa haupo.

Mfalme aliyepinduliwa kwa unene

Stori ya zamani zaidi watu hupenda kusimulia ni ya Sancho wa Kwanza, mfalme wa León, kule Uhispania. Alikuwa mnene mpaka wakuu wake wakasema hawezi kupanda farasi wala kushika upanga, na mwaka 958 wakampindua. Nyanya yake, Malkia Toda wa Navarra, hakukubali. Alimchukua mjukuu akampeleka Córdoba, kwa khalifa Mwislamu, adui yao wa siku nyingi, kwa sababu kule kulikuwa na tabibu Myahudi aliyeheshimika, Hasdai ibn Shaprut. Wengine husimulia kwamba Sancho alishonwa midomo ili anywe vya maji tu. Hiyo ya kushonwa ichukue kama hadithi. Lakini alipungua, na mwaka 960 alirudi akakalia kiti chake akisaidiwa na jeshi la huyo khalifa.

Angalia vizuri: miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, na tayari unaona mambo matatu ya leo. Aibu ya watu. Nyanya anayezunguka kutafuta tiba. Na mgonjwa aliye tayari kufanyiwa lolote. Hilo la tatu ndilo hatari, kwa sababu mtu aliye tayari kufanyiwa lolote haulizi maswali.

Sentimita 45

Upasuaji wenyewe ulianza miaka ya 1950, na Minnesota kule Marekani ni moja ya mahali ulipoanzia. Wazo lilikuwa rahisi: utumbo mwembamba ndio unafyonza chakula, kwa hivyo ukiufupisha, chakula kitapita tu. Mwaka 1963, madaktari wa California waliripoti kwamba waliunganisha sehemu ya juu ya utumbo mwembamba moja kwa moja na utumbo mpana. Watu walipungua, kweli. Pia walihara bila kukoma, na madini ya damu yakavurugika vibaya mpaka ikabidi warudishwe mezani kufunguliwa upya.

Wakarekebisha. Kufikia 1969, mtindo uliojulikana ulikuwa kuacha sentimita 35 za mwanzo wa utumbo na 10 za mwisho. Jumla 45. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una karibu mita 6. Yani unatembea na kiungo kizima ndani, lakini kinachofanya kazi ni urefu wa rula moja na nusu.

Maelfu ya watu walifanyiwa hiyo. Miaka ikapita, na shida zikaanza kuja polepole: mawe ya figo, viungo kuuma, kukosa vitamini, na wengine ini likafeli kabisa. Kuna waliokufa wakiwa wembamba. Madaktari waliachana na hiyo njia, na waliokuwa wameshafanyiwa wakaendelea kuitwa warudi kuangaliwa, wengine kurudishiwa utumbo.

Sasa rudi kwa friji yetu. Mstari wa kwanza: damu. Wanaangalia ini, figo, madini, chuma, vitamini B12, vitamini D. Mathe alilalamika, "Mimi nimekuja kupunguzwa tumbo, hawa wanatafuta nini kwa damu?" Wanatafuta shida wakati bado ni ndogo. Ukipunguzwa tumbo unakula kidogo sana na unafyonza tofauti, kwa hivyo kama ulianza na upungufu, unaenda chini zaidi. Damu ya mathe ilirudi ikiwa na chuma kidogo sana. Miaka yote hiyo alikuwa anasema amechoka, na sisi tunamwambia ni unene.

Hiyo pia ndiyo sababu daktari wa lishe alimwambia vitamini atameza maisha yake yote. Mathe alidhani ni ya miezi sita.

Tumbo lililoachwa gizani

Mtu aliyegeuza mchezo anaitwa Edward Mason, wa Chuo Kikuu cha Iowa. Aliona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walikuwa wanapungua na hawanenepi tena. Mwaka 1966, yeye na mwenzake Chikashi Ito walianza kutumia hilo kwa makusudi: watenganishe kijitumbo kidogo juu, wakiunganishe na utumbo, na tumbo kubwa lililobaki liachwe tu ndani. Walichapisha 1967. Mason aliishi hadi 2020, akiwa na miaka 100, na sehemu kubwa ya maisha yake alihimiza madaktari waandike matokeo ya kila mgonjwa badala ya kutangaza tu wale waliofanikiwa.

Lakini hilo tumbo lililoachwa lina shida yake. Baada ya hapo kamera ya kawaida ya kumeza haiwezi kulifikia kirahisi. Kama kulikuwa na kidonda ndani, umekifungia gizani. Ndiyo maana wengi huangalia kabla.

Na hapa ndipo inaingia rafiki wa kila Mkenya: H. pylori. Sisi hapa tunaitaja kama jina la jirani. Lakini hadi miaka ya 1980 madaktari wengi waliamini vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walisema ni bakteria. Watu wakawacheka. Mwaka 1984 Marshall akachukua glasi yenye hao bakteria akainywa yote, akaugua tumbo, akathibitisha. Mwaka 2005 wakapewa Nobeli. Kwa hivyo mathe alipoambiwa ameze kamera, wanatafuta kitu ambacho msee mmoja alikunywa makusudi ili tujue kiko.

Mathe alipatikana nayo. Wiki mbili za dawa, kisha kupimwa tena. Kwa ile namba ya chama, hiyo isingejulikana.

Klipu

Hii sehemu ndiyo nimekuwa nikiikwepa.

Mwaka juzi niliweka klipu ya mathe akikoroma. Wengine wenu mliiona. Niliweka sauti ya trela ikipanda mlima, halafu pale anaponyamaza kidogo, nikaweka maandishi "anabadilisha gia." Ilifanya vizuri kuliko kitu chochote nilikuwa nimeweka. Tulicheka sana. Hata yeye alicheka.

Mstari wa sita kwa orodha: kupimwa usingizi. Walimpa kifaa cha kufunga kidoleni na kifuani, akalala nacho nyumbani. Majibu yalipokuja, daktari alituonyesha mstari unaopanda na kushuka, halafu mahali umelala kabisa. Akasema pale ndipo pumzi inakatika. Mathe alikuwa anakatika pumzi mara 41 kwa saa. Zikipita 30, wanaita hali mbaya.

Kile kimya nilichokiita gia kilikuwa ni mathe hapumui.

Hii nayo ina historia. Charles Dickens, kwa kitabu chake cha Pickwick kilichotoka kati ya 1836 na 1837, alimweka kijana mnene anayesinzia kila mahali, na wasomaji wakacheka karne nzima. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walielezea mgonjwa mnene aliyekuwa anasinzia mchana, na ugonjwa wakaupa jina la kitabu hicho. Mwaka 1965 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani, kila kundi peke yake, wakaonyesha kinachotokea usiku: koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka, tena na tena. Na 1981, Colin Sullivan kule Sydney akachapisha dawa yake: mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha, koo lisifunge.

Kwa nini inahusu upasuaji? Kwa sababu nusukaputi na dawa za maumivu hulegeza hilo koo zaidi. Mgonjwa anatoka chumba cha upasuaji vizuri, anapelekwa wodini, anapewa dawa ya maumivu, analala, na haamki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2009 ulifuatilia watu 4,776 waliofanyiwa upasuaji huu kwa mara ya kwanza. Waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa 0.3 kwa kila 100, ambayo ni ndogo. Lakini waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kufa au kupata shida kubwa walijulikana mapema: waliowahi kuganda damu miguuni au mapafuni, wasioweza kutembea vizuri, na wenye huo ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini.

Mathe ana mbili kati ya hizo tatu. Nilifuta ile klipu. Sijui kama inasaidia, nayo ilishasambaa.

Intaneti ilivyoingia

Msidhani sisi ndio wa kwanza kugeuza hizi vitu kontenti. Agosti 1999, mwimbaji Mmarekani Carnie Wilson alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na ukaonyeshwa moja kwa moja kwa intaneti. Mwaka 1999! Intaneti bado inapiga kelele kwa waya ya simu.

Kilichowezesha umaarufu huo ni matundu. Tangu madaktari wa San Diego walipochapisha mwaka 1994 kwamba walifanya upasuaji wa Mason kwa matundu madogo na kamera, badala ya kupasua tumbo lote, watu waliacha kuogopa kidonda. Wagonjwa wakaongezeka sana. Na ndipo mstari mwingine wa orodha ukapata maana: zile wiki mbili za chakula cha kuhesabu. Ini liko juu ya tumbo kama mfuniko. Kwa mtu mnene ini hujaa mafuta, linakuwa kubwa na zito, na daktari anayefanya kazi kupitia matundu lazima aliinue bila kulichana. Ukila kidogo sana wiki mbili, ini linasinyaa.

Kwa hivyo hizo wiki mbili hawapimi kama una nidhamu. Wanatengeneza nafasi ya mkono wa daktari. Nilipomweleza mathe hivyo, hakununa tena. Anajua kufanya kazi kwa jikoni ndogo.

Kwa nini mwanasaikolojia?

"Kwani wanadhani nina wazimu?" Hapo ndipo aligoma kabisa.

Machi 1991, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani iliita wataalamu Bethesda wakubaliane nani afanyiwe upasuaji huu. Walitoa namba zilizotumika dunia nzima: BMI 40 kwenda juu, au 35 kama una ugonjwa mkubwa unaohusiana. Lakini jambo lingine walilosema ni kwamba mpasuaji asiamue peke yake. Mgonjwa aangaliwe na timu: wa tiba, wa upasuaji, wa lishe, na wa akili. Na afuatiliwe maisha yake yote.

Wa akili yuko pale kwa sababu chakula hakikai tumboni peke yake. Kuna mtu anakula akiwa na huzuni. Tumbo likipunguzwa, huzuni inabaki na ukubwa ule ule. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba shida za pombe ziliongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji, hasa kwa waliofanyiwa ule wa Mason. Pombe inaingia kwa damu haraka zaidi, na faraja ya zamani imeondolewa.

Mathe alienda. Alikaa ndani saa moja. Alipotoka alikuwa amelia, na kwa matatu akaniambia kitu kimoja tu: kwamba alianza kunenepa mwaka ule babangu alikufa, na hakuna mtu aliwahi kumuuliza.

Hata mimi sikuwa nimemuuliza.

Lakini si kila mstari ni mtakatifu

Sasa msiniweke upande wa hospitali kwa kila kitu. Historia hukata pande zote.

Chukua hiyo BMI. Ilibuniwa na Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa hesabu na nyota, miaka ya 1830. Hakuwa daktari, na hakuwa anatafuta nani ni mgonjwa. Alikuwa anatafuta mtu wa wastani. Jina BMI lilitoka kwa Ancel Keys mwaka 1972, aliyelinganisha vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Wanaume. Mathe alipimwa kwa kipimo ambacho utafiti uliokipa jina haukuhesabu mwanamke hata mmoja. Inasaidia kama makisio, lakini haijui nyama na mafuta, wala haijui mafuta yako wapi.

Na zile namba za 1991 zilikaa miaka 31 kabla ya vyama vikubwa vya wapasuaji kuzibadilisha. Mwaka 2022 walisema BMI 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na 30 inaweza kufikiriwa kama una sukari. Fikiria wangapi walirudishwa nyumbani miaka hiyo yote kwa kukosa namba.

Mbaya zaidi, kule Marekani kampuni nyingi za bima zilikuwa zinadai mgonjwa akae miezi mitatu hadi sita kwa dayati ya kusimamiwa kwanza. Si zile wiki mbili za ini, hii ni nyingine. Mwaka 2016 chama cha wapasuaji wa huko kilisema wazi kwamba sharti hilo halina msingi wa kisayansi na linawaumiza wagonjwa. Hiyo haikuwa kipimo. Ilikuwa mlango umefungwa na mtu anakwambia subiri.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kila mstari kwa orodha yako, uliza: hii inatafuta nini, na mkiipata mtafanya nini? Kama wana jibu, fanya, hata kama inakula wakati na pesa. Kama jibu ni "ni utaratibu tu," uliza tena. Na kama mahali hawakuulizi kitu, hawakupimi kitu, na wanataka tu kujua utalipa kwa simu ama kwa benki, hepa. Hawajakurahisishia. Wamehamisha hatari yote kutoka kwao wakakuwekea wewe.

Na nyinyi wa rika langu mnaoniuliza kwa meseji kama mnaweza kuifanya kwa sababu ya picha za Desemba: ni maisha yako yote. Vitamini kila siku, damu kila mwaka, na kwa wasichana, kuahirisha mimba mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa mtu anayeumwa kama mathe, inaweza kuokoa maisha. Lakini kaa chini kwanza na timu inayokuuliza maswali magumu.

Mathe bado hajafanyiwa. Tumebakisha mistari miwili kwa friji. Analala na mashine ya hewa tuliyokodisha, na mwezi wa kwanza aliilalamikia kila asubuhi. Ile namba ya chama aliifuta mwenyewe.

Juzi usiku niliamka kwenda kunywa maji, nikapita mlangoni mwake, nikashtuka kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Nikasimama pale nikisikiliza. Mashine ilikuwa inavuma polepole, na nyuma yake pumzi yake, moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Nilisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sikurekodi.